Winchi ya mkono, ya batri ao ya idroliki: ipi ufunge kwenye boti yako, na sheria za usalama zinataka nini

Ukiingia duka lolote la vyuma hapa Goma ukauliza winchi, ile mashine inayovuta kamba kwa kuizungusha kwenye ngoma, ya kuweka kwenye boti, kitu cha kwanza watakuambia ni tani, hii tani mbili, ile tani tano, kiisha bei, basi. Mimi naomba uanze na swali lingine kabisa: mzigo ukiwa juu na mtu akaachia mkono, ao umeme ukakatika, ule mzigo unabaki pale pale ao unakuja chini? Jibu la swali hilo njo linatenganisha winchi ya mkono, ya batri na ya idroliki, kuliko tani zote zilizobandikwa kwenye boksi. Wabebaji wetu wa ziwa Kivu, wa Kituku, Minova, Kalehe mpaka Bukavu, wameteseka migongo vya kutosha, mwenye boti akitaka kuwapunguzia kazi kwa mashine ni jambo la kumshukuru, lakini achague mashine ambayo haitamuua mmoja wao.

Tuanze na kazi yenyewe, juu watu wanachanganya kuvuta na kuinua. Kuvuta ni kutoa boti majini ipande kwenye mchanga ikarabatiwe, ao kupandisha nanga. Kuinua ni mzigo kuning'inia hewani. Winchi ikishindwa wakati unavuta boti, boti itateleza kurudi nyuma, utakasirika, utaanza tena. Jenereta ya kilo 600 ikining'inia juu ya vijana wanne wanaoipokea chini, winchi ikishindwa hakuna kuanza tena. Njo maana winchi nyingi za bei nafuu, zile za kufunga mbele ya jeep, zinaandikwa kabisa kwenye kitabu chake kwamba si za kuinulia na si za kubebea watu. Na ile namba kubwa iliyoandikwa juu, tuseme ratili 12,000 ambayo ni kama kilo 5,440, ni nguvu ya kuvuta, tena wakati kamba iko kwenye safu ya kwanza tu ya ngoma. Kamba ikijaa ngoma, safu ya pili, ya tatu, ya nne, nguvu inapungua kila safu juu unene unaongezeka na mota inabaki ile ile. Ukitaka namba ya kuinua tafuta herufi SWL ao WLL, na kwenye vyombo vilivyotoka kwa Wafaransa ao Wabelgiji utaona CMU. Hiyo njo uzito ambao chombo kimeruhusiwa kuinua kila siku. Kama hakuna hata moja ya hizo herufi, hicho si chombo cha kuinulia, hata muuzaji aape.

Sasa sheria. Kuna mbili ambazo nazilinganisha kila mara mtu akiniuliza afuate ipi.

Ya kwanza ni mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 152 wa mwaka 1979, unaohusu usalama wa kazi za bandarini. Huo unamwangalia mfanyakazi anayepakia na kupakua. Unataka chombo cha kuinulia kijaribiwe kabla ya kuanza kazi, kile cha melini kijaribiwe tena walau kila miaka 5, kikaguliwe kwa undani na mtu anayejua walau kila miezi 12, na vitu vidogo kama kulabu, shakeli, mikanda na minyororo viangaliwe kabla ya kutumika. Na yote iandikwe kwenye daftari.

Ya pili ni SOLAS, ule mkataba mkubwa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974. Ajabu ni kwamba miaka yote hiyo haukuwa na kipengele chake cha kreni na winchi za mizigo, watu walitegemea mkataba wa kazi na makampuni ya ukaguzi wa meli. Kipengele kipya, sura ya II-1 kanuni ya 3-13, kilipitishwa mwaka 2023 na kimeanza kufanya kazi tarehe 1/1/2026. Kinahusu vyombo vya kuinulia na zile winchi kubwa za kushughulikia nanga za mitambo ya baharini: viundwe vizuri, vijaribiwe, vikaguliwe, viandikwe uzito wake salama, viwe na kitabu cha matengenezo. Hata meli za zamani hazikuachwa nje, zinapaswa kupitia majaribio na ukaguzi. Kwa vyombo vya kuinulia ambavyo uzito wake salama ni chini ya kilo 1,000, nchi yenye bendera ya meli njo inaamua sheria ishike kwa kiasi gani.

Ukiweka hizo mbili kando kando, SOLAS inaanza na chombo chenyewe na mkataba 152 unaanza na mtu aliyesimama chini yake. SOLAS ni ya meli za bahari zinazosafiri kati ya nchi na nchi, boti ya Goma-Bukavu haimo, na vyombo vyetu vya kuinulia mingi viko chini ya hizo kilo 1,000. Kwa hiyo mimi kwa ziwa letu ningechukua mkataba 152 kama msingi, juu vipimo vyake mwenye boti anaweza kuvifuata bila kuita mtu kutoka Ulaya, kiisha niongeze kutoka SOLAS ile habari ya kuandika uzito salama na ya kitabu cha matengenezo. Kilo 600 zinavunja mguu wa mtu sawa sawa kwenye ziwa la maji baridi na kwenye bahari ya chumvi.

Tuje kwa winchi zenyewe.

Ya mkono. Hii watu wanaidharau lakini kwa mizigo ya chini ya nusu tani mimi njo ya kwanza ninayoipendekeza, kwa sharti moja: iwe na freni ya kujishika yenyewe. Hapa kuna aina mbili ambazo kwa macho zinafanana kabisa. Moja iko na gia na jino la kuzuia, ukizungusha kupandisha unasikia tik tik tik, jino linashika kila hatua, sawa, lakini ukitaka kushusha lazima uinue lile jino, na hapo uzito wote unakuwa mkononi mwako, mkono wa chuma ukikuponyoka unazunguka kwa kasi na kuvunja kiganja, taya, chochote kiko karibu. Aina ya pili iko na freni ya msuguano ndani: ukizungusha mbele inapanda, ukizungusha nyuma inashuka, ukiachia inasimama. Kujaribu ni dakika mbili dukani, ning'iniza kitu kizito, panda nusu mita, achia mkono. Kikishuka, rudisha kwenye rafu. Na hata kama kinasimama muulize muuzaji namna ya kushusha, akikuambia "unainua hako kajino," hiyo ni ya kuvutia boti ndogo tu, si ya kuinulia.

Palan ya mnyororo, ile ya kuning'iniza juu na kuinua kwa kuvuta mnyororo, iko kwenye kundi hili pia na ni chombo kizuri sana kwa kutoa injini ndani ya boti, inashika mzigo yenyewe, ni polepole lakini polepole hapo ni faida. Tirfor vilevile, ile mashine ya kuvuta kable kwa kusukuma mkono wake mbele na nyuma, kwa kuvuta boti kwenye mchanga sijaona kinachoishinda. Lakini Tirfor iko na pini ndogo kwenye mkono wake ambazo zimetengenezwa zikatike ukizidisha uzito, njo kazi yake, zinakatika ili kable isikatike. Watu wanazitoa wanatia msumari. Tafadhali, ukikuta Tirfor yenye msumari fasi ya pini usiiguse mpaka irudishiwe pini zake. Ni sawa na wale wanaoingiza bomba kwenye mkono wa winchi ili wapate urefu wa kusukuma: mtu mmoja akishindwa kuzungusha, chombo kinakuambia mzigo umezidi, bomba halipunguzi mzigo.

Ya batri. Hapa njo watu mingi wanaangukia, juu iko rahisi kupata, unabonyeza kifungo inafanya kazi, na kijana mmoja anatosha. Kwa kuvuta ni nzuri. Kwa nanga ni nzuri. Kwa kuinua mizigo ile ya mbele ya jeep mimi nasema hapana, na sababu si ile onyo la kitabu peke yake. Freni yake nyingi zimefichwa ndani ya ngoma, na freni hiyo inafanya kazi wakati wa kushusha, inapata moto, na moto huo unaingia kwenye kamba iliyozungushwa juu yake, kama ni kamba ya nailoni inaanza kuungua kutokea ndani fasi huoni. Mota yenyewe imefanywa kwa kazi ya dakika chache kiisha ipumzike, si kupakua magunia asubuhi mpaka saa sita. Na umeme: winchi ya aina hiyo ya volti 12 ikiwa na mzigo kamili inaweza kunywa amp 400 na kupita, alternata ya injini ndogo inatoa sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa hiyo batri inakufa na mzigo ukiwa katikati, na nyaya nyembamba alizoweka fundi zinaanza kuyeyuka kando ya tenki la mafuta. Kama utafunga winchi ya batri hata ya nanga, weka nyaya nene kama kitabu kinavyotaka, na swichi ya kukata umeme wote ambayo mtu anaifikia bila kupita juu ya kamba.

Usichanganye hiyo na palan ya umeme ya volti 220 inayotumia jenereta. Hiyo ni jamaa mwingine. Ile imefanywa kwa kuinua, freni yake inafunguliwa na umeme, maana umeme ukikatika freni inajifunga yenyewe na mzigo unabaki hewani. Iko na kikomo cha juu pia, kulabu ikifika karibu na ngoma mota inazimika. Kama boti yako ni kubwa na iko na jenereta hiyo inafaa, ila shida yetu ni maji: kifungo cha mkononi chenye nyufa, mvua, na volti 220 juu ya sitaha yenye maji, hapo utafute kifaa kilichozibwa vizuri ao uache.

Ya idroliki, yaani ile inayozungushwa na presha ya oili. Kwa boti kubwa ya mizigo inayoinua kila siku, hii njo chaguo langu, hata kama bei inauma. Haichoki, haiogopi maji, nguvu yake unaweza kuiwekea kikomo kwenye valvu, mzigo ukizidi inakataa kupanda badala ya kuvunja kitu. Lakini usikubali kununua pompi na mota tu. Dai vitu viwili: freni ya springi, ile ambayo presha ya oili njo inaifungua, ili presha ikipotea springi ifunge, na valvu ya kushikilia mzigo iliyofungwa kwenye mota yenyewe. Hapo kwenye mota, si katikati ya tiyo (ule mpira unaopitisha oili), juu tiyo ikipasuka kati ya valvu na mota valvu haisaidii kitu. Nimeona mafundi wanaweka valvu mbali kwa sababu fasi ni ndogo, na kwa macho kila kitu kinafanya kazi vizuri, mpaka siku tiyo inachoka.

Kitu kingine cha idroliki ambacho vijana lazima wafundishwe: usitafute uvujaji wa oili kwa kupitisha mkono kando ya tiyo. Oili ya presha kubwa ikitoka kwenye katundu kadogo inaingia ndani ya ngozi, kidonda kinaonekana kama kachomo ka sindano tu, mtu anaendelea na kazi, kiisha mkono unavimba na anaweza kuupoteza. Tumia kipande cha karatoni. Na aliyepata kachomo kama hako aende hospitali siku ile ile amwambie daktari wazi kwamba ni oili ya presha, hata kama haumii. Kwa upande wa kimo pia, Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu huku juu, kwa hesabu ya kawaida kama asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo injini ya kuzungusha pompi usiichukue ile inayotosha kwenye karatasi tu. Oili ikimwagika inaingia kwenye ziwa ambalo tunachota maji, weka beseni chini ya viungo.

Kamba nayo ni uchaguzi. Kable ya chuma inavumilia kusuguliwa na jua, na inakuonyesha inapoanza kufa: nyuzi zinakatika, unaziona. Sheria ya kazi za bandarini ya Marekani inasema kable itolewe ikiwa na nyuzi 10 zilizokatika huku na huku ndani ya mzunguko mmoja wa msokoto, ao 3 ndani ya uzi mmoja mkubwa wa huo mzunguko. Kipimo hicho ni rahisi, unaweza kukifanya na chaki na kitambaa (kitambaa, si kiganja, nyuzi zitakuchana). Kamba za kisasa za nyuzi za plastiki, kama za Dyneema, ni nyepesi, zinaelea, na zikikatika haziji na nguvu ile ya kable, lakini haziwezi moto na haziwezi mchanga. Na hapa Goma mchanga wetu ni jivu na kokoto za volkano, zinakata, zikiingia ndani ya kamba zinaikata kutoka katikati. Kwa boti inayovutwa kwenye ufukwe wetu mimi nabaki na kable. Kwa boti inayofunga kwenye gati safi la simenti, kamba ya nyuzi inafaa, na mikono ya vijana itakushukuru.

Ukifunga kable kwa klipu za U, angalia upande. Ule upande mpana wenye meno unakaa kwenye kable inayobeba mzigo, na ile U inabana mkia mfupi. Wengi wanageuza, moja hivi moja vile, na ile U inaiponda kable hai fasi inabeba uzito wote. Klipu 3 ni chini kabisa kwa kable nyembamba, na baada ya kuinua mzigo wa kwanza rudi ukaze tena, juu kable ikivutika inakuwa nyembamba na nati zinalegea. Kwenye ngoma usiache kamba iishe, mizunguko 5 ibaki kila mara kwa kable, na kwa kamba ya nyuzi zaidi, kama 8 ao 10, kwa kuwa inateleza.

Halafu mikanda miwili ya kuinulia. Ikisimama karibu wima kila mmoja unabeba nusu. Ukiifunga mifupi mpaka ifunguke digrii 120 kati yake, kila mkanda unabeba uzito mzima, jenereta ya kilo 600 ni kilo 600 kwa huu na kilo 600 kwa ule. Puli nayo ina hesabu yake: kamba ikienda na kurudi kwenye puli, kile kipande kinachoshikilia puli kinabeba mara mbili ya nguvu ya kamba. Winchi iko na SWL nzuri, kable nzuri, kiisha puli imefungwa kwa boliti ndogo kwenye ubao. Hiyo boliti njo SWL yako ya kweli.

Boti yenyewe pia iko kwenye hesabu. Mzigo ukiachana na sitaha tu, hata sentimita moja, kwa boti ni kama umehamia kwenye ncha ya mti wa kuinulia, juu na pembeni. Boti nyembamba inalala upande, mzigo unaninginia zaidi upande huo huo, inalala tena. Kwa hiyo inua ukiwa umefunga gatini, mzigo mmoja kwa wakati, na abiria wawe wameshuka. Kwa nanga vivyo hivyo. Tarehe 12/4/2007, meli ya Norwe Bourbon Dolphin, chombo kipya na chenye winchi kubwa, ilipinduka magharibi mwa visiwa vya Shetland ikishughulikia nanga ya mtambo wa mafuta, mnyororo ukaivuta kwa ubavu, watu 8 kati ya 15 wakafa. Kivu ina kina cha mpaka mita 485 na kingo zinashuka ghafla, nanga yako ikinasa kwenye mawe ya lava karibu na Goma usiendelee kubonyeza kifungo huku boti inalala. Vuta kwa mbele tu, kamwe si kwa ubavu, na uwe na njia ya kuachia haraka ambayo haihitaji umeme, hata kama ni shoka lililowekwa pale pale, kama nanga yako iko kwenye kamba ya nyuzi.

Kamba ikikaza hakuna mtu kusimama kwenye mstari wake wala ndani ya kona inayofanya kwenye puli. Chora hiyo fasi kwa rangi kwenye sitaha, na mwenye winchi aangalie mtu mmoja tu anayetoa ishara, lakini ishara ya kusimama aifuate kutoka kwa yeyote.

Kwa majaribio, mkataba 152 wenyewe hautaji uzito, lakini mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa usalama wa bandarini unataka chombo cha mpaka tani 20 kijaribiwe na uzito wa robo zaidi. Winchi ya kilo 800 unaijaribu na kilo 1,000, hiyo ni mifuko 20 ya simenti ya kilo 50, mikavu, juu ikilowa inazidi. Panda polepole, simamisha katikati, weka alama ya chaki kwenye ngoma, ngoja, kama chaki imesogea freni haishiki. Shusha, simamisha tena njiani. Kiisha kagua kulabu kama imefunguka mdomo, kama ulimi wake unajifunga, na boliti za kitako. Andika tarehe, uzito, na jina la aliyekagua kwenye daftari linalokaa ndani ya boti, na ile SWL uipige rangi kubwa kwenye mti wa kuinulia upande ambao wabebaji wanasimama, waisome wao pia, maana njo wao wanaopanga magunia mangapi yaingie kwenye wavu.